Zana za Kurambaza Samoni: Kuziteua na Kuzitunza

Hotuba iliyotolewa usiku wa pili wa mkutano wa ukoo, mjini Racine, Wisconsin



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena tukiwa wazima, sisi tuliotoka Tanga, Muscat, London, Toronto na majimbo mbalimbali ya Marekani. Pili, naishukuru Kamati kwa kunipa fursa ya kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka ni la mchezo, nalo ni zana za kurambaza samoni katika Ziwa Michigan. Mnajua kwamba kesho asubuhi mkutano mkuu utapiga kura juu ya pendekezo la vijana, kwamba zitolewe dola 4,000 katika Mfuko wa Maafa zikanunue zana mpya za boti yetu. Nimeombwa nieleze zana hizo ni zipi, zipi ni za lazima na zipi ni za anasa, na ni nani atakayezitunza. Kabla ya kustaafu nilifanya kazi ya bohari serikalini kwa miaka 31, kwanza nyumbani Tanzania na baadaye katika jimbo hili. Kwa hiyo mtaniwia radhi nikilizungumza jambo hili kwa lugha ya daftari la bohari.

Kurambaza, kwa wale vijana ambao neno hili ni geni kwao, ni kuvua kwa mshipi unaokokotwa nyuma ya chombo kinachokwenda. Wazee wetu wa Pangani wakirambaza nguru na jodari kwa ngalawa. Upepo ndio uliokuwa mtambo wao, na zana yao ilikuwa mshipi, ndoana na unyoya mweupe au kipande cha kitambaa. Nguru huwinda karibu na uso wa maji, basi haikumlazimu mvuvi kujua zaidi ya mwendo wa chombo na mahali penye mwamba. Ndugu zetu wa Muscat wanaendelea na kazi hiyo hiyo hivi leo kwa boti za mashine. Tofauti kubwa kati ya uvuvi ule na huu wa hapa ni kina cha maji. Tukikifahamu kina tutakuwa tumefahamu sababu ya kila zana iliyomo katika orodha ya vijana.

Samoni si mwenyeji wa ziwa hili. Hadi kufikia miaka ya 1950 samaki mkubwa wa asili, yaani trauti wa ziwa, alikuwa amekwisha kwa kuvuliwa kupita kiasi na kwa kushambuliwa na samaki afyonzaye damu, mwenye umbo la mkunga. Wakati huo huo samaki mdogo wa jamaa ya dagaa-papa, aliyepenya kutoka Bahari ya Atlantiki kwa njia ya mifereji iliyochimbwa na watu, alizaliana mno kwa kuwa hakuwa na wa kumla. Mwaka 1966 jimbo la Michigan lilitia mitoni vifaranga vya samoni koho, waliotokana na mayai ya Oregon, na mwaka 1967 likaongeza samoni mfalme. Katika mwaka huo wa 1967 dagaa wale walikufa kwa wingi hata fukwe zikafunikwa kwa mizoga, na samoni wakakuta karamu imekwisha andaliwa. Hadi leo samoni mfalme humfuata dagaa huyo popote aendapo. Mwaka 2021, karibu na Ludington upande wa pili wa ziwa hili, alivuliwa mmoja wa ratili 47.86, ambaye alivunja rekodi ya jimbo la Michigan iliyodumu tangu mwaka 1978.

Samoni hupenda maji ya baridi. Samoni mfalme hustarehe zaidi katika maji ya nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi, ambazo wenyeji wa hapa huzihesabu kuwa 50 hadi 55 kwa kipimo chao. Mwezi wa Julai maji ya juu huweza kufika nyuzi 20 na zaidi, kwa hiyo samaki hushuka. Leo atakuwa futi 40, na kesho futi 90. Upepo wa magharibi ukivuma siku mbili tatu huku kwetu Racine, huyasukuma maji ya joto kuelekea kati ya ziwa, na ya baridi yakapanda hadi karibu na pwani. Upepo wa mashariki hufanya kinyume chake. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi kazi ya zana zote nitakazozitaja ni kuukalisha mshipi katika kina tunachokitaka, kwa mwendo tunaoutaka, na tujue kwa hakika kwamba umekaa hapo.

Zana ya kwanza ni ile iitwayo daunriga. Ni roda iliyofungwa ukingoni mwa boti, yenye waya mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, na mwisho wa waya huo pana tufe la risasi la ratili 10 hadi 12. Mshipi wa kuvulia hubanwa kwenye kibano karibu na tufe, kisha tufe likashushwa. Samaki akiuma, mshipi huchopoka katika kibano na mvuvi akapambana na samaki peke yake bila uzito wa risasi. Zipo za kuzungusha kwa mkono na zipo za umeme. Zote mbili hulifikisha tufe mahali pale pale, na samaki aliye futi 70 chini hajui ni mkono au ni betri iliyomteremshia chambo. Ya umeme ina faida ya haki: hupandisha tufe upesi samaki anapokuwa kwenye mshipi, na humpunguzia taabu mtu mwenye bega bovu kama langu. Faida hiyo ni ya raha, na sitaibeza, lakini haiongezi kina wala samaki.

Anayenunua daunriga na atazame mambo matatu: msingi wake uwe wa chuma kizito na upitishiwe boliti hadi chini ya ubao, breki yake iweze kushika tufe bila kuteleza, na hesabu ya futi isomeke hata machweo. Aidha ajue kwamba waya hauteremki wima. Mwendo wa boti huusukuma nyuma, kwa hiyo hesabu ikisoma futi 80, tufe huwa juu kidogo ya hapo. Tufe jepesi huyumba zaidi, na hiyo ndiyo sababu ya kupendelea zito.

Zana ya pili ni kisahani cha kuzamia, cha plastiki na risasi, kifungwacho kwenye mshipi wenyewe. Kinapokokotwa huchimba maji kwenda chini na pembeni, kikaupeleka mshipi mbali na mngurumo wa boti. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na daunriga, na siku nyingi hakipitwi kwa samaki.

Zana ya tatu ni fimbo na kigurudumu chake. Fimbo ya kurambazia iwe ndefu, futi 8 hadi 9, yenye kupinda polepole. Fimbo ngumu huirarua ndoana kinywani mwa samaki. Kigurudumu kiwe na kidude cha kuhesabu futi za mshipi uliotoka. Hapa vijana nawaomba wasikilize kwa makini, kwani watu wengi huvilaumu vidude hivi bure. Kidude hakipimi mshipi, bali huhesabu mizunguko. Kigurudumu kikijaa mshipi, mzunguko mmoja hutoa mshipi mwingi. Kikipungua, mzunguko ule ule hutoa mchache. Kwa hiyo vigurudumu viwili vya aina moja, kimoja kimejaa na kingine nusu, vitasoma futi 150 vyote viwili na kuvua katika vina viwili tofauti. Vijazeni vyote kwa kiasi kimoja na kwa mshipi wa unene mmoja. Mshipi wa nailoni wa ratili 20 unatosha kwa daunriga.

Zana ya nne ni chambo cha bandia. Viko vijiko vyembamba vya madini, vya rangi ya fedha na kijani au buluu, vinavyomfanana yule dagaa, na viko vinavyong'aa gizani kwa saa za alfajiri. Kila kijiko kina mwendo wake. Kwa kawaida boti huenda maili 2 hadi 3 kwa saa. Kabla ya kukishusha chini, kikokoteni ubavuni mwa boti mkitazame: kitikisike kama samaki aliyejeruhiwa. Kikizunguka kama pia, punguzeni mwendo. Tena, boti inapopinda, mishipi ya upande wa nje huongeza kasi na ya ndani hupunguza na kuzama. Samaki akiuma upande wa nje, amewaambia anataka mwendo zaidi; akiuma upande wa ndani, anataka mchache. Elimu hii haiuzwi dukani. Vijiko 12 vilivyochaguliwa vema vinatosha. Orodha ya vijana ina 60, nami nawakumbusha kwamba mchagua jembe si mkulima.

Jimbo la Wisconsin humruhusu kila mvuvi mishipi mitatu. Ruhusa hiyo isiwe amri. Boti yetu ikibeba watu watano, wawili wao watoto, mishipi minne inatosha, yaani miwili ya daunriga na miwili ya visahani. Ikizidi hapo itasokotana, na saa nzima itapotea katika kufungua mafundo.

Sasa naingia katika utunzaji. Zana zetu ni za shirika, na zana ya shirika huharibika kwa kuwa kila mmoja humdhania mwenzake ameishughulikia.

Baada ya kila safari, legezeni breki za vigurudumu. Zikiachwa zimekazwa, washa zilizomo ndani hubonyea, na siku samaki mkubwa akivuta, mshipi hutoka kwa mishtuko na kukatika. Vijiko visirudishwe sandukuni vikiwa na maji. Vikaushwe kwanza, kwani ndoana moja yenye kutu huambukiza sanduku zima. Kateni futi chache za mwisho wa mshipi na fungeni fundo jipya kila alipopiganwa samaki mkubwa. Pitisheni mshipi kati ya vidole: mahali palipokwaruza pamekwisha. Ndoana ijaribiwe kwenye ukucha. Ikiteleza ni butu, inoeni kwa tupa ndogo au muitupe. Ndugu zetu mnaorambaza baharini mna adui wa ziada, naye ni chumvi. Ninyi msiache kusuuza fimbo na vigurudumu kwa maji baridi yanayotiririka polepole, wala msitumie maji ya nguvu, maana husukuma chumvi na mchanga ndani ya mashine.

Hapa ziwani tuna adui mwingine, kiroboto wa maji mwenye mwiba mrefu, ambaye naye ni mgeni kutoka ng'ambo. Katika miezi ya joto hushikana kwenye mishipi na nyaya kama pamba chafu, hata mshipi usipite katika pete za fimbo. Muondoeni kwa kitambaa kabla hamjamaliza kuvuta. Mkitoka ziwani, sheria ya Wisconsin inataka maji yote yamwagwe na majani yote yaondolewe kwenye boti na gari la kuivutia kabla ya kuondoka gatini. Kauka ndiyo dawa ya viumbe hawa. Zana ikaushwe kabisa kabla ya kupelekwa ziwa jingine.

Kila mwanzo wa msimu, waya wa daunriga ukatwe futi 10 za mwisho na ubanwe upya, kwa kuwa sehemu hiyo ndiyo inayogongwa na tufe kila siku. Mwili mzima wa waya upanguswe kwa kitambaa, kamwe si kwa mkono mtupu. Kitambaa kikinasa, uzi mmoja umekatika na waya huo haufai tena. Boliti za msingi zikazwe. Pete za fimbo zipitishiwe pamba ndani: ikiacha nyuzi, pete imepasuka na itaukata mshipi. Vigurudumu vitiwe grisi kidogo kwenye meno na tone la mafuta mepesi kwenye mhimili, lakini mafuta yasifike kwenye washa za breki kama mtengenezaji hakuagiza. Mwisho wa msimu betri ziingizwe ndani zisigande, fimbo zisimamishwe au zilazwe bila kupinda, na kila kilichoharibika kiandikwe daftarini siku hiyo hiyo, kabla hakijasahauliwa hadi Mei.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nieleze hali ya bohari yetu. Tunazo daunriga mbili za mkono zilizo nzima, zinazohitaji nyaya mpya na tufe moja. Tunazo fimbo sita, moja ikiwa na pete iliyopasuka. Vigurudumu ni sita, vinavyohitaji mishipi mipya na usafi. Vijiko vizima ni 23. Wavu wa mkono upo. Visivyokuwapo ni majaketi ya kujiokolea yenye kipimo cha watoto. Yaliyopo yote ni ya watu wazima, na mtoto akitumbukia maji huchopoka ndani yake. Hili ndilo upungufu wa kweli katika orodha nzima, na halikutajwa. Tarehe 23 Septemba 1967, katika mwaka wa pili tu tangu samoni waingizwe, mamia ya boti ndogo zilitoka upande wa Michigan kuwafuata, dhoruba ikazikuta, na watu saba wakapoteza maisha. Maji ya ziwa hili hata mwezi wa Mei ni ya baridi ya kumlegeza mtu viungo kwa dakika chache, awe hodari wa kuogelea namna gani.

Nimepiga hesabu ya vilivyo vya lazima, majaketi manne yakiwa ya kwanza, nayo haifiki dola 700. Zinazobaki katika zile 4,000 ni za daunriga za umeme, vijiko na chombo cha kuonea samaki chenye kioo kikubwa zaidi ya tulicho nacho.

Vijana wametoa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba fedha za Mfuko zimelala bure. Nawajibu kwa heshima: hazijalala, zinangoja. Mwaka 2017 Mfuko huo ndio uliomrejesha marehemu shangazi yetu Tanga, akazikwa kando ya mama yake, wala hakuna aliyezunguka na bakuli msikitini. Tumekuwa wengi zaidi sasa, na sisi wazee tumekuwa wazee zaidi. Akiba haiozi.

Hoja yao ya pili ni nzito, nami sitaipita juu juu. Wamesema kwamba kabla ya kuwapo boti hii vijana waliohudhuria mikutano yetu walihesabika kwa vidole, na mwaka huu wamejaza meza nne. Ni kweli. Nimewasikia watoto waliozaliwa Milwaukee, wasioweza kumwamkia bibi yao kwa ukamilifu, wakitamka mshipi, ndoana, chubwi na shetri bila kukosea, kwa sababu kwenye boti wamewahitaji wazee na wazee wamewahitaji wao. Hilo ni jambo la thamani kuliko dola 4,000. Lakini limepatikana kwa zana hizi hizi za mkono, mtoto akizungusha roda na babu yake akisoma hesabu ya futi. Nasita kulipa fedha za sanda ili kuweka mtambo mahali pa mtoto huyo.

Napendekeza basi mambo manne. Kwanza, Mfuko wa Maafa usiguswe. Pili, dola 700 za vitu vya lazima zichangwe usiku huu kwa bahasha zilizopo mezani, na majaketi yanunuliwe kabla boti haijashushwa majini kesho kutwa. Tatu, kila zana iandikwe daftarini kwa jina la kijana mmoja atakayeijibia: huyu daunriga ya kulia, yule ya kushoto, mwingine vigurudumu, mwingine vijiko. Daftari hilo lisomwe mbele ya mkutano kila mwaka kama lisomwavyo la fedha. Nne, vijana wakitaka daunriga za umeme waanzishe mchango wao wenyewe, nami nitakuwa wa kwanza kutia dola 100.

Nimalizie kwa neno moja juu ya samaki mwenyewe. Mwaka 2003 na 2004 dagaa wale walitoweka karibu wote katika Ziwa Huron, jirani ya hili, na samoni mfalme wakafuatana nao. Miji iliyotegemea wavuvi wa msimu ikaona gati zake zikiwa tupu. Ziwa Michigan halikufikia hapo, lakini serikali za majimbo hupima kila mara idadi ya samoni wanaotiwa ili wasizidi chakula kilichopo. Basi someni kanuni za kila mwaka, kateni leseni pamoja na stempu ya samoni, na mkipata cha kutosha chakula cha jioni, vuteni mishipi juu mrudi.

Daftari la bohari liko mezani kwa Katibu, na kurasa zake za mbele zina nafasi ya majina. Nawaomba vijana wapite kabla ya kulala.

Wabillahi taufiki.